Barua ya wazi kwa vijana mnaopigania nishati safi

Wanangu,

Juzi nilikaa nyuma ya ukumbi mlipokuwa mkishangilia kusainiwa kwa mradi wa umeme wa jua. Nikanyoosha mkono, nikauliza ni nani aliyeusoma mkataba. Kimya. Binti mmoja wa mstari wa mbele akanigeukia, akanijibu kwa upole: "Babu, ni siri ya kibiashara." Makofi yakaendelea. Usiku ule sikupata usingizi.

Siri! Deni mtalilipa ninyi na watoto wenu, halafu masharti yafichwe? Mafuta yalitufunga hivyo hivyo. Mwaka 1951 bunge la Iran lilitaifisha mafuta ya nchi. Agosti 1953 Waziri Mkuu Mohammad Mossadegh akapinduliwa, mkono wa Marekani na Uingereza ukiwemo. Mwaka 1995 utawala wa kijeshi wa Nigeria ulimnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake 8, baada ya Waogoni, watu wa kabila lake, kudai sauti juu ya ardhi yao iliyochafuliwa na mafuta.

Nanyi mnadhani mmeyakwepa hayo kwa sababu jua halina mwenyewe. Jua halina, lakini nyaya zina wenyewe, na mita ina mwenyewe. Niliwahi kushika mkataba mmoja wa umeme, kurasa za ndani kabisa, kipengele cha mistari miwili: mnunuzi atalipia uwezo wa mtambo hata asipochukua uniti moja. Mistari miwili tu, na mzigo ukawashukia watu ambao hakuna aliyewauliza. Na sisi wazee tuna hatia, maana tuliwalea kushangilia utepe unapokatwa.

Njia nyingine ipo. Mitambo 20 ya upepo ya Middelgrunden, baharini karibu na Copenhagen, Denmark, ilijengwa mwaka 2000, nusu yake ikiwa mali ya ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000. Mwaka 2013 wapiga kura wa Hamburg, Ujerumani, waliamua mji wao uzirudishe mikononi mwa umma nyaya za umeme na mabomba ya gesi.

Hudhurieni vikao vya kupanga bei ya umeme. Jifunzeni kusoma hesabu za shirika la umeme. Wachimba makaa ya mawe si adui zenu. Mgodi usifungwe kabla hawajasikilizwa.

Binti yangu, sikukukasirikia wewe. Kikao kijacho nitakuja na miwani yangu. Wewe njoo na barua ya kudai nakala ya mkataba, nami nitakuwa wa kwanza kuisaini.

Babu yenu