Kwa Nini Hatumpandishi Mtu Kilimanjaro Kabla ya Darasa

Ikifika Oktoba simu haziishi. Vikundi vya maofisini, vya kanisani, vya jogging za asubuhi Coco Beach, wote wanataka kuwa kileleni tarehe 9 Desemba, siku ambayo mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera kule juu. Tunafurahi sana Watanzania wanapoupanda mlima wao. Ila swali la kwanza huwa bei, la pili, "Siku chache kabisa ni ngapi?" Hapo ndipo tunapowaomba waje darasani kwanza.

Dar iko usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kule hewa ina oksijeni asilimia 21 kama ya Kariakoo, lakini mgandamizo wake umeshuka hadi karibu nusu, kwa hiyo kila pumzi inakupa karibu nusu ya ulichozoea. Mwili huzoea, ukipewa muda. Sasa tazama njia ya Marangu: unalala Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku mita 1,000 zaidi, wakati wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usiongeze zaidi ya 500 kwa usiku. Ndiyo maana Marangu ya siku tano hatuuzi. Tunauza ya siku sita, yenye usiku wa pili Horombo, na hata hiyo bado ni haraka. Mwenye nafasi tunamshauri njia ya Lemosho ya siku nane.

Mazoezi ni mazuri kwa miguu, lakini hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko, yaani kuumwa kwa sababu umepanda juu kabla mwili haujazoea. Vijana wenye pumzi nzuri mara nyingi ndio wanaokimbilia mbele.

Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula: ukiwa na hayo baki ulipo, usipande mpaka yapungue. Yanayoua ni mawili. La kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anapepesuka kama mlevi, anajibu vitu visivyoeleweka. La pili ni mapafu kujaa maji: anahema kwa shida hata akiwa amekaa, anakohoa, baadaye linatoka povu lenye rangi ya waridi. Kwa ngozi zetu usitafute usoni ule ubluu wa kukosa oksijeni. Funua mdomo wa chini uangalie kwa ndani, kisha kucha. Tiba ya yote mawili ni kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Oksijeni na dawa husaidia, lakini visitumike kama sababu ya kusubiri kukuche.

Darasani tunabandika utepe sakafuni na kila mtu anatembea juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Asiyeweza kufanya hivyo mlimani anashushwa, hakuna mjadala. Kipimo hiki tunamfundisha mwenzako, kwa sababu mgonjwa ndiye wa mwisho kujua: ubongo unaopaswa kumwambia ndio ulioishiwa oksijeni. Tena sisi tumelelewa kujikaza. Umechangiwa, fulana imechapishwa, bendera iko begani. Nani atasema naumwa? Basi mnapangwa wawili wawili, na kila mmoja anakubali hapa Dar, akili ikiwa timamu, kwamba mwenzake akisema shuka, anashuka.

Jambo moja tunaliuliza kila mtu faragha: selimundu. Mwenye ugonjwa huo hatumpandishi, maana upungufu wa oksijeni unaweza kumletea hali mbaya sana. Aliyerithi kinasaba kimoja tu naye aonane na daktari kwanza. Vivyo hivyo anayetaka kumeza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, hasa kama ana mzio wa dawa za salfa.

Darasa ni jioni mbili baada ya kazi, ofisini kwetu Sinza, na gharama yake imo kwenye bei ya safari. Hata uliyelipia kwa kampuni nyingine karibu, hatutakutoza. Kabla hujaondoka waulize waliokuuzia maswali matatu: mtungi wa oksijeni utabebwa na nani, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitatumika mara ngapi kwa siku, na nikizidiwa usiku pale Kibo, nani atanishusha na kwa machela gani?