Ramani za zamani zitolewe makabatini, wazee bado wapo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Kila tukikutana kwenye msiba au harusi vijana wanauliza sisi hasa kwetu ni wapi, na jibu wanalopewa ni jina la kijiji cha sasa, kile cha barabarani chenye shule na ofisi ya mtendaji. Lakini kwa familia nyingi sana Tanzania hii kijiji hicho kina miaka hamsini tu, kilianza na Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, watu walipotolewa kwenye vitongoji vyao wakaletwa kukaa pamoja. Kabla ya hapo babu zetu walikaa kwa kutawanyika, nyumba tatu huku, tano kule, kila ukoo na bonde lake. Hayo mahame yako wapi leo? Watu wanadhani hayajaandikwa popote na mzee akishafariki basi imeisha. Yameandikwa, Mhariri. Yamo kwenye zile ramani za skeli ya 1:50,000 ambazo wapimaji na mabwana shamba wa zamani walikuwa wanatembea nazo wamezikunja kwenye mkoba.

Wengi hawazijui kwa hiyo nieleze kidogo. Shiti moja, yaani karatasi moja ya ramani, inachukua eneo la karibu kilomita 27 kwa 27, sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ya ardhini, kwa hiyo mlima unauona, kijito unakiona, mpaka njia ya miguu unaiona kwa vistari vilivyokatikakatika. Na nyumba! Nyumba zimewekwa kama vidoti vyeusi vidogo. Ramani hizi zilitengenezwa kutokana na picha za angani, mwanzoni zilipigwa na kikosi namba 82 cha jeshi la anga la Uingereza kwa ndege za Lancaster baada ya vita kuu ya pili, baadaye zikapigwa nyingine na wengine, halafu zikachorwa huko Tolworth karibu na London kwenye ofisi ya Waingereza ya kupima na kuchora ramani za nchi za ng'ambo, Directorate of Overseas Surveys, iliyoanzishwa 1946, ikishirikiana na idara yetu ya upimaji ya hapa Dar. Wachoraji wenyewe wengi hawakuwahi kukanyaga Handeni wala Kondoa, majina yalikusanywa na watu waliopita ardhini wakiuliza wenyeji, ndio maana utakuta jina limeandikwa herufi zimepishana, sasa usiishie kulisoma kimoyomoyo, lisome kwa sauti mbele ya mzee atalitambua mwenyewe.

Kitu cha kwanza kuangalia ukiipata shiti ni maandishi madogo ya chini pembeni, pale wanaposema picha za angani zilipigwa mwaka gani. Mwaka wa kuchapa ni kitu kingine kabisa. Ramani inaweza kuwa imechapwa miaka ya sabini lakini picha zake ni za miaka ya hamsini au sitini, na hiyo ndiyo dhahabu yenyewe, kwa sababu inakuonesha nchi ilivyokuwa kabla ya watu kuhamishwa. Halafu ukiweza tafuta toleo la baadaye la shiti hiyohiyo uziweke pamoja. Utaona vidoti vimetoka mabondeni vimejipanga mstari barabarani. Mimi nimesoma na kusikia mengi kuhusu vijiji vya ujamaa lakini hakuna kilichonifanya nielewe ukubwa wa lile jambo kama kuziona shiti mbili zimelazwa sakafuni.

Sisi ni Wazigua wa upande wa Handeni. Niliprinti kipande cha shiti yetu nikaikuza kidogo nikampelekea mjomba, kaka yake mama, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki. Mjomba hasomi ramani na macho yenyewe yamechoka, basi mpwa wangu mmoja akakaa pembeni na simu anarekodi, mimi nikaanza na anachokijua, nikamwambia hapa mjomba ndio Mto Msangazi, hapa ndio ile barabara ya kwenda Handeni mjini, hiki ndio kile kilima. Akanyamaza muda. Halafu akaniuliza, kijito kinachoingia mtoni kwa mkono wa kushoto kiko wapi, nikamwekea kidole pale, basi kuanzia hapo yeye ndiye akawa ananiongoza mimi. Hapa kwa jumbe. Hapa kwa mhunzi, nyumba mbili, moja ya mke mdogo. Hapa hakuna mtu alikaa baada ya ile ndui. Akafika kwenye kanjia kale ka vistari kanakopanda mgongo wa kilima na kushukia upande wa pili kwenye vidoti vinne vitano, akasema hii ndiyo njia aliyoletewa bibi yenu, alikuja nayo na dada zake wamebeba vyombo kichwani, na ndio maana wale wa ng'ambo mpaka leo mnaitana mashemeji wala hamjui kwa nini.

Kweli tulikuwa hatujui. Yaani tumekuwa tukitaniana na wale watu kwenye misiba miaka yote, na sababu yenyewe ilikuwa ni njia ya miguu ambayo leo imeota pori.

Baadaye tulikwenda mimi na vijana wawili watatu wa nyumbani. Pale kwenye vidoti tulikuta miembe mikubwa, nguzo za minyaa iliyokuwa ua, mawe ya kusagia mawili, na makaburi ambayo mjomba alishatuambia yatakuwa upande wa jua linapotoka. Na hapa niwaambie jambo la kiufundi maana litawapoteza watu. Hizi ramani zimejengwa kwenye mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960, simu zetu zinatumia mfumo mwingine wa WGS84, sasa ukisoma namba za latitudo na longitudo kwenye ramani ukaziingiza kwenye simu zilivyo utasimama kama mita 300 kutoka mahali penyewe, zaidi upande wa kaskazini. Kwenye pori mita 300 ni nyingi, unaweza kuzunguka siku nzima ukarudi ukasema ramani ni uongo. Kuna programu za bure kama QGIS zinabadilisha mfumo, kijana yeyote aliyesoma jiografia au upimaji anaweza kukusaidia.

Ukitaka kwenda nyuma zaidi kuna zile za Wajerumani za skeli ya 1:300,000 walizochapa Berlin. Ni nzuri kuzitazama na nakala zake za kidijitali zinapatikana, ila ujue zilichorwa kwa kufuata njia za misafara, mtu anatembea na dira na saa anaandika anachokiona kulia na kushoto, kwa hiyo kijiji kilichokuwa mbali na njia hakimo, na hiyo haina maana kwamba hakikuwepo.

Na jambo hili si la waliohamishwa na operesheni peke yao. Tanga na Korogwe kuna familia ambazo babu yao alikuja kama manamba kukata mkonge, kutoka Kigoma, kutoka Rwanda na Burundi, kutoka Msumbiji, na wajukuu wanachojua ni kwamba babu alikuwa estate, basi, estate gani hawajui ilianzia wapi ikaishia wapi, na mashamba ya mkonge kwenye hizo shiti yamechorwa vizuri kabisa mpaka barabara za ndani. Wenzetu wa Nachingwea wanaweza kuifuata ile reli ya mradi wa karanga wa Waingereza iliyong'olewa miaka ya sitini. Waliokaa chini panapojaa maji ya bwawa la Mtera leo, shiti ya kabla ya bwawa ndiyo inaonesha kwao.

Kuna watakaosema unawasha moto wa migogoro ya ardhi. Hofu hiyo naielewa, na nasema wazi kabisa, ramani hizi zisibebwe kwenda kudai shamba la mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilithibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika kwenye vijiji kati ya 1970 na 1977, na kidoti cheusi si hati. Ndio maana hata jina la kitongoji chetu sijaliandika hapa. Sisi tulichotaka ni kujua makaburi yako wapi tuyafyekee, na watoto wajue.

Ombi langu sasa. Wizara ya Ardhi kupitia idara yake ya upimaji na ramani inazo shiti hizi, kuna nchi nzima mle. Zile za zamani, matoleo ya kwanza hasa, ziskaniwe zote na ziwekwe mtandaoni ambapo mwananchi anaweza kuzipakua bila gharama, na nakala moja iliyoprintiwa ya eneo husika ipelekwe kila maktaba ya mkoa na kila halmashauri. Isichukue muda mrefu jamani. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1974 leo ameshavuka sitini, na yeye ndiye mdogo kabisa anayeweza kukumbuka kitongoji kilivyokaa. Wakubwa zake wanaomjua mhunzi na mke mdogo ni wa kuhesabu.

Na walimu wa historia, badala ya kuwapa wanafunzi kazi ya kunakili vitabu, wapeni shiti ya kata yenu wakakae na bibi zao jioni moja. Wastaafu wa upimaji, kilimo, misitu na maji mlio na makaratasi haya yamekunjwa stoo, msiyatupe wala msiachie mchwa, mkishindwa kuyatunza yapelekeni maktaba iliyo karibu, au angalau yapigeni picha vizuri pamoja na yale maandishi ya chini pembeni yenye mwaka.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwana wa Handeni, Mbagala, Dar es Salaam