Barua kwa Dada Veronika kuhusu Noeli ya Wete

Mjini Unguja,
10 Novemba 2025

Dada Veronika,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo, Mama Tereza kapata nafuu ya mguu na anakusalimu sana. Ya nyumbani tutayamaliza kwenye simu. Kilichonikalisha kuandika leo hii ni ule ujumbe uliompa kijana wa boti, ukiniuliza utaongozaje mkesha wa Noeli, utalipangaje pango, na utawajibu nini jirani zako Waislamu.

Kwanza hongera. Padre kufika Wete asubuhi ya tarehe 25, na ibada ya mkesha kuachiwa wewe, si jambo dogo. Pili, kamati wakinung'unika wanung'unike: huyo Baba Krismasi wa ndevu za pamba asiingie kanisani. Peremende zigawiwe nje, ibada ikishakwisha. Usiku ule mna saa moja tu ya kulisema jambo kubwa kuliko yote tunayoyasadiki, na ukishawapa watoto cha kuchekea katikati, huwarudishi tena.

Sasa lile swali la jirani zako, "Mungu huzaaje?" Usilikimbie, na usiwajibu kwa hasira. Bi Asha na wanawe wanauliza kwa heshima, nao wanamheshimu Nabii Isa na Bibi Mariamu tangu utotoni. Anza na tunachokubaliana: Mungu hana mke, na hakupata mtoto kama watu wapatavyo watoto. Anayekanusha hilo, nasi tunalikanusha pamoja naye. Tunachokiri ni kingine. Neno wa Mungu, aliyekuwako kabla ya kitu chochote kuumbwa, aliutwaa ubinadamu wetu katika tumbo la Bikira Maria kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Hakuanza kuwako Bethlehemu. Kwa Baba amezaliwa tangu milele, bila mama. Kwa Maria amezaliwa katika wakati, bila baba wa kibinadamu. Ndiyo maana Kanuni ya Imani inasema "aliyezaliwa bila kuumbwa", maneno yaliyowekwa na Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 kumjibu Ario, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Mwaka huu imetimia miaka 1,700. Usiache kulitaja hilo.

Watu huteleza mara mbili hapa. Wapo wanaosema Mungu aligeuka mtu, kana kwamba aliacha kuwa Mungu. Wapo wanaosema alivaa mwili tu kwa nje, kama kanzu. Yote mawili Kanisa limeyakataa, na Mtaguso wa Kalsedonia mwaka 451 ukalitamka wazi: Mungu kweli na mtu kweli, nafsi moja. Alisikia njaa ya kweli na alilia machozi ya kweli. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo alitoa sababu ambayo mtoto wa komunyo ya kwanza anaielewa: kisichotwaliwa hakikuponywa. Angeuacha mwili wetu nje, mwili wetu ungebaki na mauti yake. Hapo ndipo pazito, dada, na mahubiri mengi ya Noeli yanapapita mbio yakimbilie kuwaasa watu wapendane.

Watakaokuuliza mbona hizi ni habari za mbinguni tu, waambie kuhusu Mkunazini, hapa mjini kwetu. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Noeli ya mwaka uleule ndugu zetu Waanglikana wakaweka jiwe la msingi la kanisa lao palepale watu walipokuwa wakinadiwa. Kama Mungu ameutwaa mwili wa binadamu, mwili huo hauna bei.

Nije kwenye pango, ule mfano wa zizi la Bethlehemu, nalo lihubiri hilohilo. Mtakatifu Fransisko alipolifanya Greccio, Italia, mwaka 1223 hakuweka sanamu. Aliweka hori yenye majani makavu, ng'ombe na punda wa kweli, na Misa ikaadhimishwa juu ya hori ile. Kwa hiyo liweke pembeni, lisiizibe altare, lakini mtu aliyekaa benchi la mwisho aione hori. Fito na makuti vinatosha, na usumba wa nazi uwe majani ya kulalia. Pamba ya theluji usiitie kabisa, watoto wa Pemba hawana haja nayo. Sanamu za udongo fanyeni ndogo, urefu wa shibiri moja, zikauke kivulini wiki nzima. Jua likizipiga mapema, nje hukauka kabla ya ndani na shingo zinapasuka. Mishumaa chini ya makuti hapana. Tumieni taa za betri.

Hori ibaki tupu Majilio yote, yaani majuma yote ya kungojea Noeli. Nasisitiza, kwa sababu najua watu watataka sanamu ya mtoto Yesu iwekwe mapema pango lipendeze. Majilio yanaanza Dominika ya tarehe 30 Novemba, mavazi ya zambarau, na Gloria, ule wimbo wa utukufu, haiimbwi Dominika hizo mpaka mkesha wenyewe. (Mwambie mzee wa kwaya, maana ndiye anayewahi kila mwaka.) Usiku ule, Gloria inapoanza, mtoto mmoja ailete sanamu ya Yesu na kuilaza horini. Masomo ni Isaya sura ya 9, Zaburi 96, barua kwa Tito sura ya 2, na Luka 2:1-14. Kwenye Kanuni ya Imani, mkifika "akapata mwili" hadi "akawa mwanadamu", wote wapige magoti. Dominika nyingine tunainama tu; kupiga magoti ni kwa Noeli na kwa sikukuu ya Maria Kupashwa Habari, tarehe 25 Machi. Watangazie kabla, la sivyo nusu watapiga na nusu watabaki wanatazamana.

Kwenye maigizo, mwenye nyumba ya wageni anayewafukuza hayumo katika Luka. Imeandikwa tu kwamba hawakupata nafasi. Mamajusi nao Mathayo hasemi walikuwa wangapi, na waliingia nyumbani, si zizini, kwa hiyo wasisimame na wachungaji. Waweke mbali dirishani, wasogezwe kidogo kidogo mpaka Epifania, sikukuu yao wenyewe. Zawadi zao ndizo somo zuri kwa watoto wa visiwani: ubani wanaujua, chetezo wanakijua. Dhahabu ni ya mfalme, ubani ni wa Mungu, manemane ni ya maziko. Na kwenye Yohana 19 Nikodemo analeta manemane na udi kumzika Yesu. Wafukizie ubani kidogo, kisha wasome mistari ile miwili pamoja. Waone kwamba mtoto huyu alizaliwa aje afe na kufufuka, na kwamba Noeli bila Pasaka haisimami.

Tarehe 25 yenyewe haimo katika Injili; kalenda ya Roma ya mwaka 354 ndiyo inayoitaja. Wengine husema ilichaguliwa kushindana na sikukuu ya jua, wengine husema ilihesabiwa miezi tisa kutoka 25 Machi. Usigombane na mtu kwa hilo. Bora uwakumbushe kwamba sikukuu haifi jioni ya tarehe 25: kuna Stefano tarehe 26, Yohane 27, Watoto Mashahidi 28, mpaka Maria Mama wa Mungu 1 Januari. Pango likivunjwa tarehe 26, watu wanajifunza uongo.

Na bado narudi kwa Bi Asha. Akija mkesha, mkalishe mbele, ajisomee Luka kimyakimya kama yuko tayari kushika kitabu, na asilazimishwe kupiga magoti.

Sasa niambie: watoto wako wangapi, na wakubwa wanaoweza kusoma bila kukwama ni nani? Kanisa lina betri au mnategemea umeme? Udongo mnachimba wapi, ule wa mfinyanzi upo karibu? Padre amekukubalia utoe mafundisho au usome tu? Kamati wamesemaje kuhusu hori tupu? Na yule binti wa Konde, bado anaimba?

Manemane nitakutafutia Darajani, hiyo huko huenda usiipate. Ubani nunua hukohuko. Nijibu kabla ya Ijumaa nimuwahi kijana wa boti.

Dadako,
Magdalena