Python ni ya bure, lakini kisakinishi chake kinatugharimu mega

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi kijana akiuliza aanzie wapi kujifunza kuandika programu, jibu ni moja: Python, lugha ya kuandikia programu, haiuzwi. Jibu lenyewe si baya. Guido van Rossum aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, na mpaka leo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ila kabla ya lugha kuna kisakinishi, yaani programu inayoiweka Python kwenye kompyuta, nacho kimeundwa kana kwamba umeme haukatiki, mega haziishi na kila mtu anasoma Kiingereza.

Tuseme Windows, maana ndiyo iliyo kwenye masini nyingi za hapa. Dirisha la kwanza la kisakinishi lina visanduku viwili chini. Kimoja kimeandikwa "Add python.exe to PATH", nacho huja bila alama (PATH ni orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu ukiandika jina lake). Mwanafunzi anabofya "Install Now", anaambiwa imefaulu, anafungua dirisha la amri, anaandika python, na linalofunguka ni duka la Microsoft. Si kirusi. Tangu toleo la Mei 2019 la Windows 10, jina python limetegewa njia inayopeleka dukani kama Windows haioni Python nyingine kwenye PATH. Basi anaipakua upya kutoka dukani; sasa ana Python mbili, na mega zimekwisha. Angeandika py tu angefika, kwa sababu py, programu ndogo inayoiwasha Python, hupatikana hata kisanduku kile kikisahauliwa. Au angezima njia hiyo kwenye mipangilio ya Windows, penye "Alias d'exécution d'application".

Watunzaji wa Python wana sababu yao: si vizuri programu kubadili PATH ya mtu bila kumuuliza, huenda ana toleo jingine linalobeba kazi zake. Sawa. Basi waulize kwa sentensi nzima, katika lugha ambayo mtu anaielewa, wakieleza kitakachotokea akikataa. Neno PATH peke yake halimwambii chochote mtu anayeanza.

Kisanduku cha pili huomba ruhusa za msimamizi wa masini ili kuweka py.exe, nacho huja tayari kimetiwa alama. Kwenye siber au chumba cha shule, mwanafunzi hana neno la siri la msimamizi. Windows ikimwomba, anafikiri Python imekataliwa. Aondoe alama hiyo, kila kitu kitaingia kwenye folda yake mwenyewe. Na hapo ndipo majina yetu huleta kazi: Désiré, Gédéon, Hélène. Python ya leo haisumbuliwi na alama hizo, lakini baadhi ya vifurushi (msimbo wa nyongeza ulioandikwa na wengine) vyenye sehemu za lugha ya C bado husumbuliwa. Kazi ya imread, ya kusoma picha katika kifurushi cha OpenCV, kwa mfano, ikipewa picha iliyo ndani ya C:\Users\Gédéon, inaweza kurudisha patupu bila kusema kosa ni nini. Weka kazi zako C:\kazi, utaokoa siku nzima ya kutafuta kosa ambalo si lako.

Sasa mega. Kisakinishi cha biti 64 cha Python 3.13 kina mega zisizofika 30. Masini 20 zikipakua kila moja kwa upande wake, hizo ni karibu 600. Pakua mara moja, weka kwenye flashi, kisha kwenye kila masini andika:

python-3.13.5-amd64.exe /passive PrependPath=1 Include_test=0 InstallLauncherAllUsers=0

Amri hiyo inatia PATH, inaacha faili za majaribio ambazo mwanafunzi hazihitaji, na haimwombi mtu ruhusa ya msimamizi. Pip, programu inayosakinisha vifurushi, imo ndani tayari, haihitaji intaneti. Kwa kuwa flashi za mjini hupita mikono mingi, kabla ya kuendesha faili bofya upande wa kulia, "Propriétés", kisha "Signatures numériques": lazima uone Python Software Foundation. Usipoliona jina hilo, futa.

Vifurushi navyo ni hivyo hivyo. Kwenye masini moja yenye mtandao (E: hapa ni flashi):

py -m pip download --only-binary=:all: -d E:\vifurushi numpy pandas

Kisha kwenye nyingine, bila mtandao:

py -m pip install --no-index --find-links E:\vifurushi numpy pandas

Toleo la Python liwe lile lile pande zote mbili, na biti zile zile. Kifurushi kilichojengwa kwa 3.13 hakiingii kwenye 3.8. Maneno ya only-binary msiyaache. Bila hayo, pip ikikosa kifurushi kilichokwisha kujengwa huchukua msimbo mbichi na kujaribu kuujenga, halafu inadai Microsoft Visual C++ 14.0, mzigo wa giga kadhaa.

Pip ikilalamika CERTIFICATE_VERIFY_FAILED, tazama saa kabla ya kulaumu mtandao. Masini za mitumba mara nyingi betri yake ndogo, CR2032, imekufa. Umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kama havijaanza kufanya kazi. Betri ni ya bei ndogo. Umeme ukikatika katikati ya kusakinisha, usifute folda kwa mkono: endesha kisakinishi kile kile tena, na kikikupa "Repair", chagua hiyo. Kwa ndani ni vipande vingi vya MSI, aina ya faili za kusakinishia za Windows, na Windows hukumbuka kilichoingia hata kama umekifuta.

Wenye Windows 7 waishie kwenye 3.8.10, ndiyo ya mwisho ya 3.8 iliyotolewa na kisakinishi. Kwanza iwepo Service Pack 1 na sasisho KB2999226; bila hilo unaweza kuambiwa faili ya api-ms-win-crt haipo. Wajue pia kwamba 3.8 haipati matengenezo tangu Oktoba 2024.

Sababu hasa ya kuandika leo ni kwamba kisakinishi hiki kinaondoka. Tangu Python 3.14, ya Oktoba 2025, pendekezo ni meneja mpya wa usakinishaji, pymanager, programu inayoleta na kupanga matoleo ya Python, na kisakinishi cha zamani hakitatolewa kwa 3.16, ambayo kwa desturi ya toleo moja kila Oktoba itafika 2027. Meneja huyo kwa kawaida huchukua kila toleo kutoka mtandaoni. Njia ya bila mtandao ipo, lakini imejificha kwenye amri:

py install --download=E:\python 3.14

kisha, kwenye masini nyingine yenye meneja huyo:

py install --source="E:\python\index.json" 3.14

Meneja mwenyewe hupatikana pia kama faili ya MSI, kwa wasiotaka duka. Mahali penye py ya zamani, amri hiyo itajibu kwamba haiwezi kufungua faili iitwayo install. Ondoa "Python Launcher" kwenye orodha ya programu, au andika pymanager badala ya py.

Kutafsiri madirisha ya kisakinishi cha zamani ni kupiga rangi nyumba inayobomolewa. Nguvu ziende kwa meneja mpya: ujumbe wake uwe kwa Kifaransa na Kiswahili, aonyeshe mega kabla hajaanza kupakua, na njia ya flashi iwekwe ukurasa wa mbele. Watunzaji husikiliza anayeleta ushahidi. Pip ilikuwa ikianza upya kila upakuaji ukikatika. Toleo la 25.1, la Aprili 2025, likaleta chaguo la --resume-retries la kuendelea pale ilipokatikia. Tunawaomba walimu wa informatiki wajaribu amri hizo mbili za meneja kwenye vyumba vyao sasa, njia zote mbili zikiwa bado zipo, na wakikwama wafungue ripoti GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo, kwenye hazina ya pymanager: toleo la Windows, amri kamili waliyoandika, na ujumbe wa kosa ulionakiliwa neno kwa neno, hata kama uko kwa Kifaransa.

Mafundi wa informatiki,
Komini ya Kampemba, Lubumbashi