Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Safari ya Ukaguzi na Uamuzi wa Kituo

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha taarifa ya kazi za chama kwa mwaka uliopita. Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo nitazipitia haraka. Kamati ya utendaji ilikutana kila robo mwaka. Hesabu zimekaguliwa na mkaguzi wa nje na hakuna hoja iliyobaki bila majibu. Harambee ilifanyika, vifaa vya shule vilitumwa kabla ya muhula kuanza, jarida limetoka kama kawaida. Mashirika tunayoyachangia nje ya nchi yalibaki manne. Nawashukuru wote waliojitoa, hasa akina mama wa kamati ya harambee, ambao ndio walioibeba shughuli nzima.

Matumizi yaligawanyika hivi: asilimia 71 miradi ya watoto, 12 vifaa vya shule na usafirishaji, 8 uendeshaji na ukaguzi, 5 akiba, na 4 safari ya ukaguzi. Mweka hazina ana mchanganuo kamili kwa anayeuhitaji.

Hiyo asilimia 4, ya safari ya kwenda kuyakagua mashirika tunayoyachangia, ndiyo iliyozua maneno mwaka mzima, na uamuzi uliofuata baada ya safari, wa kupunguza mchango wetu kwa kituo kimoja cha kulelea watoto, umezua mengi zaidi. Kwa hiyo nitakaa hapo.

Imesemwa kwamba viongozi walikwenda kutembea kwa fedha za watoto. Naomba kumbukumbu zikae sawa. Tulikwenda watatu: mimi, mweka hazina, na mwanachama mwenzetu aliyefanya kazi ya ustawi wa jamii maisha yake yote. Nauli yangu nililipa mwenyewe, na stakabadhi iko kwenye faili. Safari hii niliipendekeza tangu nilipochaguliwa, nikairudia katika kikao baada ya kikao hadi kamati ikakubali, na sijutii hata kidogo. Kwa miaka mingi tulikuwa tunatuma fedha na kupokea barua ya shukrani, picha za watoto wakitabasamu na ukurasa wa hesabu. Hesabu zilituambia fedha zimetumika. Hazikutuambia mtoto aliyeingia akiwa na miaka sita yuko wapi leo akiwa na miaka ishirini. Swali hilo halijibiwi kwa barua.

Wengine wamelalamika kwamba tulirudi bila picha za watoto kwa ajili ya jarida. Ni kweli, na tulikusudia. Kabla ya kuondoka tuliyaandikia mashirika yote manne tukaomba kuona kanuni zao za kuwalinda watoto dhidi ya wageni. Mawili yalituletea kabla hatujamaliza kuuliza, pamoja na fomu za kusaini: hakuna kupiga picha, hakuna kukaa faragha na mtoto, hakuna kugawa pipi wala fedha mkononi, hakuna kumuuliza mtoto habari za kifo cha mzazi wake. Yalitaka pia wadhamini wawili wa tabia kwa kila mmoja wetu. Kuna aliyeona huo ni usumbufu kwa wafadhili. Mimi niliona ndiyo dalili ya kwanza ya shirika linalojua kazi yake. Uso wa mtoto ukishasambazwa dunia nzima ukiwa na neno "yatima" chini yake, hawezi kuurudisha atakapokuwa mtu mzima anatafuta kazi au mchumba.

Hatukwenda kutazama ngoma. Tuliomba daftari la mahudhurio, orodha ya bidhaa zilizopokelewa na mafaili ya watoto yakiwa yamefichwa majina. Tuliomba pia kuonana na vijana waliokwishatoka. Tulichagua shehena moja tuliyoichangia tukaifuata kuanzia stakabadhi hadi rafuni. Kwenye shirika moja tulikuta maboksi ya nguo tulizokusanya kwa bidii kubwa bado yamefungwa ghalani. Yalikuwa yamekaa bandarini yakingoja kibali, gharama za kuhifadhi zikipanda, na yalipotoka watoto walikwishanunuliwa sare sokoni kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo. Kwa shirika la watoto wenye ulemavu tulimkuta fundi mmoja anayestahili pongezi za mkutano huu. Alituonyesha viti vya magurudumu vya watu wazima vilivyoletwa kama msaada, na jinsi mtoto anavyowekewa mito pembeni asidondoke. Alitueleza kwamba kiti kisicho na kipimo cha mtoto humpinda mgongo na kumtia vidonda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo tangu mwaka 2008 kuwa kila kiti kitolewe kwa kipimo, kirekebishwe, na mtumiaji afundishwe kukitumia. Kuanzia sasa chama hakitatuma kiti chochote. Tutalipia kazi ya fundi na vipuri.

Sasa kituo cha kulelea watoto. Sitakitaja jina katika taarifa hii, kwa heshima ya watoto wanaoishi pale. Niseme wazi kwamba hatukukuta wizi. Vitanda vilikuwa safi, chakula kipo, hesabu zilikubaliana hadi senti ya mwisho. Mlezi mkuu ni mtu wa moyo. Lakini tulipokaa na mafaili, mwenzetu wa ustawi wa jamii alianza kuuliza swali moja kwa kila faili: nani yuko hai? Mama yupo. Bibi yupo. Baba yupo, amehamia mjini kutafuta kazi. Watoto wengi walikuwa pale kwa sababu ya ada ya shule, au kwa sababu mama aliugua, au nyumba iliezuliwa na mvua, na hakuna aliyewahi kurudi kuuliza kama sababu hiyo bado ipo. Mama mmoja tuliyezungumza naye kwa idhini yake alisema alimpeleka mwanawe pale ili asome, kwa kuwa wafadhili hawalipii shule ya mtoto aliyeko nyumbani. Wafadhili hao ni sisi. Fedha yetu ilikuwa imewekwa mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia mpaka aachane na mama yake.

Wapo waliosema nimeathiriwa na mtu mmoja niliyefuatana naye. Hapana. Jambo hili linajulikana na kuandikwa kwa miaka. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, yaani malezi ya mtoto asiyeishi na wazazi wake, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Kule Kambodia, vituo viliongezeka kwa asilimia 75 kati ya 2005 na 2010, huku takriban watoto watatu kati ya kila wanne waliomo wakiwa na mzazi aliye hai. Watalii na wafadhili walipoongezeka, vituo viliongezeka. Bunge la Australia lilipochunguza utumwa mamboleo, ripoti yake ya mwaka 2017 ilitenga sura nzima kwa watoto wanaosafirishwa ili kujaza vituo vya yatima. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitoa azimio kuhusu watoto wasio na malezi ya wazazi, na likazitaja safari za kujitolea katika vituo kuwa miongoni mwa hatari.

Romania iliacha somo ambalo kila mfadhili anapaswa kulijua. Utawala wa kidikteta wa Rais Nicolae Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989, zaidi ya watoto 100,000 walikutwa katika taasisi. Baadaye watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 wa taasisi za Bucharest, mji mkuu wa nchi hiyo, nusu yao wakipelekwa kwa familia za kulea. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na katika kushikamana na watu, na waliohamishwa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili walifaidika zaidi. Chakula walikuwa nacho wote. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kudumu, asiyebadilika kila zamu.

Kwa anayeuliza kuhusu gharama: Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 1997, ilieleza kwamba mkoani Kagera, Tanzania, kumtunza mtoto mmoja kituoni kuligharimu karibu mara sita ya kumtunza katika familia ya kulea. Rwanda, iliyobeba mzigo wa yatima wa mauaji ya kimbari ya 1994 ambao sisi hatuwezi hata kuufikiria, mwaka 2012 iliamua kuwarudisha watoto kwenye familia, na maelfu wamerudi. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017, na sasa ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuhamishia malezi kwenye familia. Nchi zenye watoto wenyewe zikielekea huko, chama cha wafadhili kinapata wapi haki ya kuvuta upande mwingine?

Kwa hiyo kamati ilipendekeza, na mkutano maalumu ukaamua, kwamba mchango kwa kituo upungue kwa awamu katika miezi 18, na fedha zinazotoka pale ziwalipe maofisa ustawi wa jamii wanaozitembelea familia, ada za shule kwa mtoto popote anapoishi, na mitaji midogo kwa akina mama na bibi. Hakuna mtoto atakayefukuzwa. Kila mmoja atafanyiwa tathmini, na asiyeweza kurudi nyumbani kwa sababu ya ukatili au kukosa ndugu atatafutiwa familia ya kulea. Kituo kimekubali kuzungumza juu ya kugeuka kuwa mahali pa masomo ya jioni na chakula cha mchana. Kukata fedha ghafla kungewaumiza watoto walewale, na nilisimama imara dhidi ya wajumbe waliotaka hivyo.

Najua wapo waliokuwa wakimfadhili mtoto mmoja kwa jina, wakipokea barua yake kila mwaka. Maumivu yao nayaheshimu. Lakini mtoto akirudi kwa mama yake na kuacha kutuandikia, chama kimefanikiwa.

Uamuzi huo ulipitishwa katika mkutano wa wanachama 83: waliokubali 55, waliokataa 21, wasiopiga kura 7. Wengi wa waliokataa walisema hoja zao hadharani na nawaheshimu. Wanaonisikitisha ni wale ambao hawakufika, kisha wakapeleka malalamiko kwenye simu za wajumbe usiku. Tuna wanachama 214 na akidi ni 72. Mkutano wa robo ya kwanza walihudhuria 58. Wa robo ya pili 39. Mikutano yote miwili ilivunjika, watu waliotoka mbali wakarudi mikono mitupu. Mwenyekiti hawezi kulaumiwa kwa kuamua peke yake wakati viti viko wazi.

Kuhusu ada, hali ni mbaya. Waliolipa kamili ni 97, waliolipa sehemu ni 41, na 76 hawajalipa chochote, baadhi kwa mwaka wa tatu mfululizo. Katika orodha hiyo ya 76 kuna majina ya watu waliouliza kwa ukali zaidi fedha za safari zilikwenda wapi. Katiba inaruhusu kumsimamisha mwenye malimbikizo ya miaka miwili. Hadi sasa nimesita kwa sababu ya udugu wetu, lakini afisa mmoja wa ustawi wa jamii anaweza kukosa mshahara wake kwa sababu ya kusita huko, na hilo silikubali tena. Mweka hazina atapokea ada leo mlangoni, na barua zitatoka kabla ya mwisho wa mwezi ujao.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuimarisha uhusiano na mashirika yote manne, kupata ripoti za familia zilizorudishiwa watoto, na Mungu akijalia kuongeza idadi ya wanachama, hasa vijana. Lipo pia wazo la kufanya ziara nyingine ya ufuatiliaji awamu ya kupunguza mchango itakapokamilika. Hilo litaletwa kwenu kwa wakati wake, na mimi nitalitetea.

Naomba mkutano uipokee taarifa hii na uijadili. Kabla ya mjadala, katibu atasoma majina ya wenye haki ya kupiga kura.