Diski ililetwa ikisomeka, imerudishwa ikigonga

Kitengo cha TEHAMA,
Dar es Salaam.
14 Aprili 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAZI YA KUOKOA DATA, DISKI YA KOMPYUTA MPAKATO, INCHI 2.5, TB 1

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Diski hii mliipokea kaunta tarehe 17 Machi ikiwa mgonjwa, lakini ikisomeka: inazunguka, inatambulika kompyuta inapowashwa, folda zinafunguka kwa kusuasua. Tarehe 4 Aprili imerudi ikigonga mara nne na kuzima, ikiambatana na diski ya nje yenye mafaili yaliyookolewa na ankara ya shilingi 630,000. Hatulalamiki kwamba data haikupatikana yote. Diski iliyochoka haina dhamana, na hilo tunalijua. Tunalalamikia mpangilio wa kazi.

Kwenye fomu ya mapokezi, juu ya saini ya fundi wenu, yapo maelekezo tuliyoyaandika kwa kalamu: "Nakilini kwanza diski nzima. Msiendeshe CHKDSK", yaani programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili. Maelekezo hayo hayakufuatwa, na ushahidi umo kwenye vitu mlivyotukabidhi wenyewe. Diski ya nje ina folda iitwayo found.000, iliyojaa mafaili yenye mwisho wa .chk. Folda hiyo haijitokezi yenyewe. Huundwa na CHKDSK inapokusanya mafaili yatima, yaani yaliyopoteza folda zake. Haikuwapo diski ilipoondoka kwetu.

Madhara yake fundi yeyote wa kazi hii anapaswa kuyajua. Kichwa cha kusomea kikiwa dhaifu, kumbukumbu ya faili (maelezo ya jina lake na mahali lilipo) iliyo salama kabisa kwenye sahani inayobeba data inaweza kushindwa kusomeka. CHKDSK haiulizi kama tatizo ni kichwa au ni kumbukumbu yenyewe. Inaihesabu kuwa imeharibika, inaifuta, na kuandika mabadiliko hayo kwenye diski ileile inayotakiwa kuokolewa. Ndiyo maana kwenye diski ya nje folda ya mikataba ya 2023 ipo kwa jina tu, ndani tupu, huku sehemu ya mikataba yenyewe ikiwa imetupwa kwenye found.000 bila majina. Faili la kurasa 40 linaitwa nambari.

Saa nazo zinasema. Kabla ya kuileta tulichukua vipimo vya SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe: saa za kuwashwa 11,204, sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zisizosomeka vizuri zinazosubiri kuhamishwa 216. Ukurasa wa 2 wa ripoti yenu una picha ya skrini: saa 11,261, sekta 5,312. Diski imewashwa saa 57. Diski nzima ya TB 1 inayosoma MB 100 kwa sekunde hunakiliwa kwa takriban saa tatu. Kwa mgonjwa kama huyu, ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ingepita mara ya kwanza kwa -n (bila kukwaruza penye hitilafu), ikachukua maeneo mazima na kuyaacha korofi, kisha ikayarudia kidogokidogo kwa kufuata faili la ramani linaloonyesha palipokwisha kusomwa na palipobaki, na kila inachokipata ingekiandika kwenye diski nyingine. Saa nyingi kati ya hizo 57 zimeishia kukwaruza palepale penye kidonda.

Lililotushtua zaidi ni mstari wa tatu wa ankara: "Kubadili bodi, 120,000." Bodi ya umeme ya diski, ya nini? Diski yenye bodi iliyokufa kwa kawaida haizunguki kabisa, au hutoa harufu ya kuungua. Hii ilikuwa inazunguka na kutambulika. Tumelinganisha na picha tulizopiga kabla ya kuikabidhi: nambari iliyochapwa kwenye bodi si ileile, na kichipu cha miguu minane kilichokuwa pembeni mwa bodi yetu kimebaki huko kwenu. Kichipu hicho hubeba vipimo vya diski hii peke yake, vilivyopimwa kiwandani kwa vichwa vyake yenyewe. Bodi ya diski nyingine, hata ya modeli ileile, isipohamishiwa kichipu hicho huweza kushindwa kuelekeza vichwa, navyo hugonga. Kwa hiyo kugonga huku kwa sasa huenda si kifo cha diski. Huenda ni bodi ya kuazima tu.

Kuna jambo la kifuniko pia. Karatasi ya lebo imekatwa kwa wembe juu ya skrubu iliyofichwa chini yake, na skrubu mbili za nyota zimeliwa meno. Mkijibu, jibuni kwa ndiyo au hapana: kifuniko kilifunguliwa? Na kama kilifunguliwa, kilifunguliwa wapi? Kazi hiyo hufanyika kwenye hewa ya daraja la ISO 5, yaani chembe za mikroni 0.5 na zaidi zisizidi 3,520 kwa mita moja ya ujazo. Meza ya karakana yenye feni haifikii hapo. Sahani huzunguka mara 90 kwa sekunde na ukingo wake hupita kilomita 60 kwa saa, kichwa kikiwa juu yake kwa nanomita chache. Punje ya vumbi hapo ni jiwe barabarani. Mpaka tupate jibu hatutaiwasha tena.

Tunaomba yafuatayo ndani ya siku 7. Mrejeshe shilingi 120,000 za bodi na 150,000 za "matengenezo ya mfumo wa mafaili", yaani CHKDSK ileile tuliyoikataza. Mtupe nakala ghafi ya diski kama mliichukua, hata ikiwa na mapengo, pamoja na faili lake la ramani. Tukithibitisha kuipokea, mfute nakala zote zilizobaki kwenye mashine zenu na kutuandikia kwamba zimefutwa, maana humo mna taarifa za watu zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

La haraka kuliko yote ni bodi yetu ya awali. Isitupwe, na kichipu kisibanduliwe kwa majaribio. Iwekwe kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli; mjumbe wetu ataifuata kaunta Jumatano asubuhi akiwa na risiti.

Wenu,

Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Nakala: Mwanasheria wa taasisi
Viambatisho: fomu ya mapokezi, vipimo vya SMART vya kabla, picha 6 za diski, ankara