Mwalimu, kuhusu ile bajaji ya umeme

Mwanjelwa, Mbeya
13 Julai 2025

Ndugu yangu Mwalimu,

Kamwene! Natumaini shemeji na watoto ni wazima, na baridi ya Iringa haijawazidi. Hapa kwetu ni Julai yenyewe. Asubuhi ukishika spana inauma vidole, kwa hiyo sifungui gereji kabla ya saa tatu, wateja wanune wanavyotaka. Mama watoto anakusalimu, na anasema anakudai ile sufuria mliyoondoka nayo ikiwa na ndizi baada ya harusi ya Tukuyu.

Ujumbe wako niliusoma, ila jambo lenyewe halijibiki kwa simu. Unataka tuchange tununue bajaji ya umeme, tumpe kijana aendeshe hapa mjini. Sababu uliyoitanguliza wala si hela. Unasema tutakuwa tumechangia kuiponya dunia. Ndani ya Coaster ya kutoka Tukuyu nilikubishia hadi yule mama wa kiti cha nyuma akaomba tumwache alale. Nilisema magari ya umeme ni ujanja wa wenye viwanda, kwamba moshi umetolewa nyuma ya gari ukapelekwa kwenye mtambo wa kuzalisha umeme, basi. Tangu siku ile maneno yangu mwenyewe yananisumbua. Nimepiga hesabu nyuma ya daftari la madeni ya gereji, na karibu nusu ya niliyosema nayafuta. Nusu iliyobaki bado ninayo.

Nianze na kufuta, maana ndiyo inayoniuma.

Unakumbuka tulipokwama pale Uyole nikakuonyesha yale malori? Yanatoka Kongo kupitia Zambia na Tunduma, yamebeba shaba na kobalti kwenda bandari ya Dar. Nikakwambia tazama, betri ya gari lako safi inaanza safari kwa dizeli. Ukanyamaza, nami nikajiona nimeshinda. Sasa nimelipigia hesabu. Tunduma hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900. Semi iliyojaa, kwa milima hii yetu, mpe lita 50 kila kilomita 100, ni lita 450 na ushei. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo kipande hicho cha kwetu ni kama tani moja na robo. Hapo bado nilikuwa nafurahi. Nikagawanya kwa mzigo wa tani 30. Mwalimu, kila kilo ya madini inabeba gramu arobaini tu za moshi wa barabarani! Betri ya gari dogo haifikishi hata kilo 20 za kobalti, kwa hiyo lori lote lile nililokutishia nalo, kwenye kipande hicho, linaiongezea gari moja hewa ukaa isiyofika ya nusu lita ya petroli. Tena betri nyingi za siku hizi kutoka Uchina hazina kobalti kabisa, ni za lithiamu na chuma na fosfeti. Nilitafuta rungu la kukupigia nikajipiga nalo. (Yanayowapata wachimbaji wa Kolwezi, kule Kongo, ni kesi nyingine, hiyo sijaifuta na sitaifuta.)

Deni la kweli liko kiwandani. Kutengeneza betri ya gari dogo kunatoa hewa ukaa tani nne, tano, hata sita, kutegemea ukubwa wake na umeme wa kiwanda chenyewe. Gari la umeme linazaliwa na deni ambalo IST ya mtu, ile Toyota ndogo ya petroli, haikuzaliwa nalo. Ila IST nayo kila kilomita 100 inatoa kilo 16 hivi, na haiachi mpaka siku inauzwa chuma chakavu. Kwa deni la tani tano, gari la umeme linalochajiwa kwa umeme safi linahitaji kilomita elfu thelathini na kitu kulilipa. Kwa mtu anayezunguka kila siku, huo ni mwaka mmoja au miwili. Kwa mheshimiwa anayelitoa Jumapili tu kwenda kanisani, atazeeka na deni hilo.

Na kuna jambo ambalo mimi fundi nilipaswa kulisema kabla yako. Injini ya petroli ni jiko linalojifanya gari. Ukijaza mafuta, robo tu, mara nyingi hata pungufu ya robo, ndiyo inayozungusha tairi, na iliyobaki inapasha joto rejeta na bomba la moshi. Miaka ishirini na mbili ninaunguza mikono kwenye hasara hiyo na sikuwahi kuiita hasara. Mota ya umeme inafikisha kwenye tairi zaidi ya robo tatu ya inachopewa. Halafu ukishuka mlima, badala ya kumaliza pedi za breki, mota inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri. Fikiria basi lenye mota hizo likishuka Kitonga. Sisi tunaoshuka Kitonga tukinusa breki za watu zikiungua tungelielewa hilo upesi kuliko mtu wa Dar.

Sasa sikiliza kwa nini nusu nyingine siifuti.

Nimechukua bajaji ya jirani yangu hapa, anayepaki Kabwe. Kwa siku anakimbia kama kilomita 120 na kuchoma lita 5. Lita ya petroli inatoa kilo 2.3, kwa hiyo siku moja ni kilo 11 na nusu, bila kuhesabu meli na viwanda vya kusafisha mafuta. Bajaji ya umeme kwa mwendo huohuo itakula uniti 11 hivi, pamoja na zile zinazopotea kwenye chaja. Uniti 11 hizo zikitoka kwenye mtambo wa makaa ya mawe, ambao unatoa karibu kilo moja kwa uniti, umepata kilo 11. Ngoma droo! Umehangaika, umekopa, umenunua bajaji mpya, na mbingu haijaona tofauti. Zikitoka kwenye gesi ya Songo Songo au Mnazi Bay, ni kilo tano. Zikitoka kwenye maji, karibu na sifuri.

Kwa hiyo ukiniuliza kama gari la umeme linapunguza hewa ukaa, nami nitakuuliza limechomekwa wapi. Norway mwaka jana karibu magari tisa kati ya kumi mapya yalikuwa ya umeme mtupu, na umeme wao karibu wote ni wa maji. Hao wana haki ya kujisifu. India karibu robo tatu ya umeme ni makaa, na watafiti wa ICCT, shirika la kimataifa la utafiti wa usafiri safi, walipopima mwaka 2021 maisha yote ya gari, tangu kiwandani hadi linapochakaa, waliona la umeme huko linapunguza asilimia 19 hadi 34 tu, wakati Ulaya linafika asilimia 66 hadi 69. Kumbe hata kwenye makaa kuna nafuu kidogo, nakubali. Lakini nafuu kidogo siyo kuponya dunia, Mwalimu, na wewe ndiye uliyetumia neno kuponya.

Kwa ukubwa wa dunia yenyewe hesabu inanyenyekeza. Mwaka jana yaliuzwa zaidi ya magari milioni 17 ya umeme, ukijumlisha na yale yenye injini na plagi vyote viwili, zaidi ya gari moja kati ya matano mapya. Wingi wote huo wa magari ya umeme, pamoja na ya miaka ya nyuma, umeokoa zaidi kidogo ya mapipa milioni moja ya mafuta kwa siku, katika dunia inayotumia mapipa milioni mia moja na ushei. Na vyombo vyote vya barabarani, malori na mabasi na bodaboda ndani yake, vinatoa kama sehemu moja ya sita ya hewa ukaa inayotokana na nishati. Sehemu tano ziko kwingine, kwenye mitambo ya makaa, chuma, na saruji kama ile ya Songwe, ambayo hata ungeipa tanuru la umeme, chokaa yenyewe ikichomwa inatoa hewa ukaa. Na kabla hatujafika Songwe, angalia magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara kutoka Chimala.

Sisi tumekalia wapi? Umeme wetu sasa sehemu kubwa ni maji na iliyobaki karibu yote ni gesi. Bwawa la Julius Nyerere, mitambo 9, megawati 2,115, peke yake ni kama nusu ya uwezo wote wa gridi. Watu wanasema umeme wa Rufiji, lakini wewe mwalimu wa Jiografia unajua maji yale ni ya nani. Kilombero unaoleta sehemu kubwa unashibishwa na Ruhudji kutoka Njombe, Mnyera kutoka Mufindi, na vijito vya Udzungwa. Ruaha Mkuu unatoka huku kwetu, unakusanya Usangu, unapita Mtera na Kidatu ukizungusha mitambo njiani, ndipo unaingia Rufiji. Na Ruaha huo tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi kule hifadhini, wakati mpunga wa Mbarali unaendelea kunywa. Huko kwenu watu wamepanda milingoti, yaani mikaratusi, juu ya chemchemi na kulima vinyungu, bustani za bondeni za kiangazi, mpaka kwenye jicho la maji. Sina ubaya na vinyungu, mahindi mabichi ya Septemba nayapenda. Lakini mgao wa umeme wa 2022 tuliuonja wote, na mvua ikigoma tena, pengo linazibwa na gesi. Halafu kuna wanaotamani Kiwira na Mchuchuma, makaa ambayo kila baada ya miaka kadhaa yanatajwa kwa ajili ya umeme. Siku hiyo ikifika, bajaji yetu itarudi kwenye ile droo ikiwa ileile, na tairi zilezile, na kijana yuleyule.

Ndiyo maana nilicheka uliponiandikia kwamba wanafunzi wako wanataka kuandaa maonyesho ya magari ya umeme. Wapeleke wakahesabu chemchemi zilizobaki Kilolo. Ndilo somo hilohilo.

Liko jambo moja hujaligusa kabisa, na mimi linanigusa tumboni. Mjapani akinunua gari la umeme, ile IST yake haifi. Inapanda meli, inashuka Dar, na mwaka unaofuata iko juu ya jeki yangu hapa Mwanjelwa na silensa imetoboka. Yeye hesabu zake zimepungua, sisi zetu zimeanza. Ethiopia mwaka 2024 walikataza kuingiza magari ya petroli na dizeli, na wao umeme wao karibu wote ni wa maji. Sijui kama ningefurahi sheria hiyo ikija hapa, maana nusu ya mafundi wa mtaa huu tungeuza maandazi. Lakini siwezi kusema hawakufikiri.

Basi nije kwenye hela. Bajaji ile, kwa siku 300, inatoa tani tatu na nusu kwa petroli. Kwa umeme wetu wa sasa, nikikadiria kwa roho mbaya, tutaokoa tani mbili na nusu kwa mwaka, na deni la betri yake, ambayo ni ndogo, litaisha kabla ya mwaka. Dunia inatoa zaidi ya tani bilioni 37. Mchango wetu ni huo, usiwaambie wanafunzi zaidi ya hapo. Ila petroli inakaribia shilingi 3,000 kwa lita, siku moja 15,000 zimeungua, na uniti 11 kwa bei ya nyumbani hazifiki 4,000. Hoja yako ya kuponya dunia nimeikataa, bajaji nimeikubali. Chombo kinachokimbia kutwa nzima ndicho cha kuanza nacho, bajaji, bodaboda, daladala. Gari la mheshimiwa lisubiri.

Nina masharti. Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja anasukuma pikipiki ya umeme aliyouziwa na watu fulani huko Dar. Betri ilimwishia katikati ya mlima wa Iwambi, alfajiri, baridi kali. Baridi inapunguza nguvu ya betri na mlima unamalizia, na muuzaji hakumwambia lolote kati ya hayo. Nilifungua, nikakuta boksi la kuongoza mota limeungua, nikampigia muuzaji nikiwa na kijana pembeni. Akasema kipuri kiagizwe, miezi mitatu, labda minne. Kijana amerudi kwenye kubeba zege. Kwa hiyo hatununui kwa mtu asiye na vipuri hapahapa Mbeya, waranti ya betri iwe ya maandishi, na dereva abaki Kabwe, Mafiati na Soweto, asishawishiwe na magunia ya viazi ya kupandisha milimani. Na chaji ni usiku, hapa gereji, kwenye mita yangu. Uniti tutagawana.

Nusu yako nitumie kabla ya Jumatano ya kwanza ya Agosti, EWURA hawajatangaza bei mpya, maana petroli ikishuka hata shilingi hamsini najijua nitaanza kukubishia upya.

Wako,
Fundi

N.B. Sufuria ije na mfuniko wake.